Matairi ya Kwenda Kulala Ukweni

Kwetu magharibi, mwanamume halali kwa mama mkwe wake. Anaweza kufika akakaribishwa, akaandaliwa chakula peke yake, akaombewa, hata akapewa jogoo wa kurudi naye, lakini jua likianza kuteremka ni lazima atafute pa kwenda. Hiyo ndiyo desturi, na mimi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mwanamume mmoja aliyeishika desturi hiyo kwa mikono miwili, akaishika vizuri kabisa, ila akaenda kuishikia kwingine.

Miaka ile ya tisini tulikuwa tukikaa Huruma, kwenye ghorofa moja ambayo ukikohoa jirani anakwambia pole. Mume wangu alikuwa dereva wa gari la mikate. Mimi nilikuwa nikiuza mapazia ya mitumba sokoni Kariobangi, na yaliyochanika nikiyashona upya kwa cherehani yangu. Hatukuwa matajiri wala hatukulala njaa. Kitu pekee kilichonikosesha raha kilikuwa mama yangu.

Mama alikuwa mjane, akiishi nyumbani juu ya kilima ambacho barabara yake ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha udongo huo hunata kama ugali ambao haujaiva. Nyonga yake ilikuwa imeharibika, kwa hiyo kupanda basi kuja Nairobi lilikuwa jambo la kuota tu. Sisi ndio tuliokuwa tukienda, kila Desemba. Tulifika asubuhi, tukaacha vitu, tukala, na saa nane hivi mume wangu akaanza kulitazama jua kama mtu anayelidai. "Mama watoto, twende." Tukashuka kilima, tukaenda kulala kwenye lojing mjini, mimi macho kwenye dari na mama yangu peke yake kule juu na kuku wake.

Nilimwomba mara nyingi aniache nilale kwa mama, yeye aende lojing peke yake. Alikataa. Alisema mke akiachwa kwao watu watasema amerudishwa, na yeye hawezi kuwapa watu maneno ya bure. Nikamtii. Tangu niolewe sikuwahi kulala hata mara moja katika nyumba niliyozaliwa. Mama hakuthubutu kumlalamikia mkwe wake, maana hata kumtazama usoni hakuruhusiwa, lakini kila tulipoagana alinishika mkono pale kwenye ua na kuniambia kwa sauti ya chini, "Lini utalala, mwanangu? Hata usiku mmoja. Kuna mambo hayasemeki mchana."

Maneno hayo yalinikaa kifuani mwaka mzima, kila mwaka.

Halafu kampuni ya mikate ikaamua kuachana na kombi moja kuukuu, na mume wangu akaipata. Watu wengine wangeifanya ya abiria. Wazo la kuifanya nyumba lilikuwa langu, na ninalisema wazi kwa sababu baadaye lilipewa mwenyewe mwingine. Niliwaza hivi: kama mkwe haruhusiwi kulala chini ya paa la mama mkwe, basi na aje na paa lake. Tuweke kitanda ndani, tuegeshe nje ya ua wa mama, yeye alale humo na mimi nikalale na mama yangu. Hakuna atakayesema nimerudishwa, kwa sababu mume wangu yuko pale pale, mtu yeyote akitaka kumwona agonge dirisha.

Jambo hilo lilizua mjadala kanisani kwetu mpaka mchungaji akatushangaa. Mama mmoja wa kwaya alisema gari lenye kitanda ni nyumba, na nyumba ya mkwe haijengwi ukweni. Mwingine akasema nyumba ni mahali moto unapowashwa, kwa hiyo jiko likiwashiwa nje hilo litabaki gari tu. Tulicheka sana, lakini sikutaka kubahatisha. Nilituma swali nyumbani kupitia jirani aliyekuwa akisafiri, na jibu la baba mdogo likarudi: gari likae nje ya ua, na mlango wake utazame barabara, usitazame nyumba ya mama. Likiwa hivyo, hakuna mwiko. Jirani aliongeza kwamba mama alipolisikia jibu hilo alipiga kigelegele akiwa amekaa, kwa sababu ya nyonga, na kwamba tayari kijiji kizima kilijua mkwe wake anakuja na nyumba yenye magurudumu.

Seremala alitutengenezea kitanda chenye sanduku chini yake. Tukaweka pipa la maji, jiko dogo la gesi, na keria juu ya paa la kubebea magunia. Mapazia niliyashona mimi, ya kitambaa cha buluu chenye maua meupe, kitambaa kilekile nilichokuwa nimekificha chini ya kibanda changu kwa muda mrefu nikisubiri jambo la maana. Kilichobaki ni matairi, kwa sababu yaliyokuwepo yalikuwa vipara vitupu.

Fundi tuliyemwendea alikuwa na kiwanja cha jua kali huko Kariobangi, kijana mwenye maneno mengi na kofia iliyokwisha kuwa na rangi ya grisi. Mume wangu alitaka kuchagua haraka. Mimi niliuliza maswali, kwa kuwa nilikijua kile kilima na nilijua ni nani angeshuka kusukuma gari likikwama.

"Mathe, ukijua kusoma hizi namba hakuna mtu atakudanganya," fundi aliniambia, akafuta ukuta wa tairi moja kwa kiganja. "Hii ya kwanza ni upana. Hii ya katikati ni kimo cha ukuta, inalinganishwa na upana. Hii ya mwisho ndio rimu. Rimu zenu ni kumi na nne. Tunaweza kuziacha, ama tupande kumi na tano."

Akanieleza mengine, na nilimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu. Tairi refu huinua tumbo la gari lisikwaruzwe na mawe, lakini likizidi urefu injini huchoka mlimani. Tairi nene hupendeza machoni na huelea juu ya tope. Jembamba hulikata tope mpaka likutane na ardhi ngumu. Halafu kuna uzito: gari lenye kitanda na pipa la maji linataka tairi la mizigo, lenye ukuta mgumu, si la gari dogo la kwenda ofisini. Na ukifunga tairi dogo kuliko linalotakiwa, mita ya kilomita nayo hudanganya. "Itakuambia mmefika," fundi alisema, "na hamjafika."

Sikujua kwamba maneno hayo yangenirudia baadaye.

Ili kuchagua, ilibidi kupima. Fundi alisema gari tupu haliwezi kukwambia ukweli: lazima lishuke kwa uzito, kisha usukani ukatwe mpaka mwisho, kushoto na kulia, uone kama tairi linagusa madigadi, yale mabati yanayolifunika kwa juu. Tukajaza pipa maji. Akalitazama gari, akatikisa kichwa. "Bado. Leteni watu. Tena wale wako na mwili."

Nilikwenda kanisani, si mbali, nikawakuta kina mama wa kwaya wanamaliza mazoezi. Nikarudi nao. Walipanda mmoja mmoja wakibonyea kitandani, wakitukanana kwa upendo juu ya nani anaongeza uzito zaidi, na wakiwa humo ndani wakaanza kuimba. Watu walisimama barabarani. Fundi alilala kifudifudi pembeni ya gurudumu, mume wangu akikata usukani, na kila mara fundi akiingiza kiganja chake kati ya tairi na madigadi. Kwa rimu za kumi na tano kiganja kilikwama. Kwa rimu zetu za kumi na nne, zikiwa na tairi refu, jembamba, la mizigo, lenye meno ya maana, kiganja kilipita huku na huku bila kugusa.

"Mkono ukipita na hawa wote wakiwa ndani," fundi akasema akijipangusa vumbi, "hata ukweni utafika."

Mume wangu alisimama kando, mikono mfukoni. Akasema yeye angependelea lile pana, fupi, maana gari refu huyumba likipigwa na upepo.

"Upepo gani?" nikamuuliza. "Mama yangu hakai angani. Anakaa kwenye matope."

Kina mama wakacheka mpaka gari likatikisika. Fundi naye akasema lile fupi ni la gari dogo, halitabeba kitanda na maji kwa safari ndefu. Mume wangu akacheka pia, akainua mikono. "Sawa, mama watoto. Wewe ndiye dereva siku hizi." Nikapigiwa vigelegele pale uwanjani. Fundi akanipa chaki, nikaandika namba ya tairi nililolichagua kwenye bati la kibanda chake ili asije akasahau. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu.

Ndugu yangu, kuna kuvishwa kilemba cha ukoka, na kuna kukivaa mwenyewe ukajitazama kwenye kioo.

Gari lilipoletwa siku chache baadaye, niliyatazama magurudumu kabla ya kumtazama mume wangu. Yalikuwa mafupi na mapana, laini, yanang'aa. Keria haikuwepo. Nilishuka ngazi mbio nikiwa bado na sindano kwenye midomo.

"Haya ni nini?"

Alikuwa ameshajiandaa. Alisema fundi alilijaribu gari barabarani, yale marefu yakagusa. Kwamba keria ilikuwa ikivuta upepo. Kwamba yeye ameendesha magari kabla sijajua pancha ni nini. "Unataka tairi lipasuke na watoto wako ndani?" akaniuliza, na hapo akanimaliza. Mtu akishawataja watoto, mama utajibu nini? Nilijiambia dereva ni yeye, na kiganja cha fundi si Biblia.

Mwaka huo mvua za Novemba zilikataa kuisha. Desemba ilipofika nilikuwa nimepanga kila kitu: blanketi la mama, sukari, sabuni, unga wa ngano. Mume wangu akasimama dirishani, akaitazama mvua kwa masikitiko makubwa, akasema, "Lakini mama watoto, haya matairi hayawezi ule udongo. Wewe mwenyewe unajua."

Nimeusamehe uongo mwingi maishani mwangu, lakini sentensi ile sijaisamehe. Nilimtazama. Matairi aliyoyachagua yeye, kinyume na yangu, ndiyo sasa yaliyokuwa yakimzuia kwenda kwa mama yangu, na mimi ndiye niliyetakiwa kukiri kwamba hayawezi! Nilitaka kumrushia lile blanketi. Badala yake nilimtumia mama salamu kwamba tutakuja barabara ikikauka. Jirani aliyezibeba salamu hizo alirudi akaniambia mama alisema si neno, atangoja, mahali pa gari pako tayari.

Sikuuliza ni mahali gani. Nilidhani ni namna tu ya kusema.

Basi Januari ikapita na jua lake. Gari sasa halikulala Huruma. Mume wangu alisema vijana wangelivua hata taa, kwa hiyo alikuwa akiliacha kwenye yadi ya kazini. Na kazi yenyewe ilikuwa imeongezeka. Jumamosi nyingi alitumwa mbali, kupeleka mikate miji mingine, arudi Jumapili jioni. Nilimfungia chakula cha safari kwa mikono yangu hii.

Siku niliyojua, sikuwa nikitafuta kujua. Nilikuwa nikitoka sokoni, nikakatiza pale kwa fundi, nikaona matairi marefu, membamba, yenye meno, yamefungwa waya na kutundikwa ukutani. Namba yangu ya chaki ilikuwa bado ipo chini yake, imefifia kidogo.

"Hizi si zangu?" nikamuuliza kwa mzaha.

"Ni zenu, mathe. Bado sijapata mtu wa kuchukua." Akasimama kunisalimu. "Na zilikuwa zimekaa poa! Niliendesha mpaka Outering nikarudi, haikugusa popote."

"Mzee aliniambia ziligusa."

"Ziguse nini? Shida si ilikuwa geti?"

"Geti gani?"

Alinitazama akidhani ninamtania. "Si hiyo geti yenu ya Donholm? Mzae alikuja na kamba amefunga fundo, akasema gari lisipite hapa juu, kuna chuma imekatiza juu ya geti. Tukatoa keria, wapi, bado. Imebaki kama vidole viwili hivi. Nikamwambia, si akate tu hiyo chuma? Akasema zii, haiwezekani, hiyo plot ni ya mama ya watu, hawezi kumwambia mama akate geti yake, ni heshima. Ndio tukashusha tairi. Nilienda mwenyewe kuhakikisha, ikaingia sawa kabisa." Kisha akatabasamu. "Ama bado hamjahama?"

Mtu akikupiga kofi mbele ya watu, kwanza unashika shavu. Mimi nilishika kikapu changu. "Bado tunahama," nikamjibu. "Hebu nielekeze tena, mimi hupotea huko." Akanielekeza vizuri, kijana wa watu, mpaka rangi ya geti na muuza makaa aliye mkabala nalo.

Jumapili iliyofuata mume wangu alikuwa tena safarini na mikate yake. Niliwavisha watoto, nikawaacha na jirani waende kanisani, nami nikaenda Donholm. Njia nzima nilikuwa nikimtetea. Labda ni yadi ya rafiki. Labda amepata wa kutulindia gari. Labda anataka kutuhamisha kweli, ananificha ili anishangaze. Moyo ni wakili mzuri sana wa anayeuumiza.

Geti lilikuwa la kijani, wazi, na juu yake chuma iliyopindwa kama upinde. Niliitazama ile chuma kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote. Ndani ya ua, kando ya ukuta, lilikuwa limeegeshwa gari letu. Mapazia yangu ya buluu yalikuwa yamefungwa. Nilisimama kwa muuza makaa nikajifanya nauliza bei ya debe.

Mama mmoja wa makamo alitoka katika nyumba ya mbele akiwa na sinia: birika, kikombe, na mkate ambao ganda lake nililijua hata kwa mbali. Hakwenda mpaka garini. Aliliweka sinia juu ya kigoda, hatua kadhaa kutoka mlangoni, akakohoa. Kisha akajifunika leso kichwani, akageuza uso kuelekea ukutani, akarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya nguo zilizoanikwa. Hapo ndipo mlango wa gari ulipofunguliwa, na mume wangu akashuka, kichwa chini, sweta yake ya Jumapili mwilini. Akasimama akiyatazama mavumbi mpaka yule mama alipokuwa ameondoka kabisa. Ndipo akachukua sinia.

Jamani, dereva hageuziwi uso. Mpangaji hakoholewi. Hata shemeji hawekewi chai mbali namna ile. Hatua zile nilizijua zote, kukohoa kule, kuinama kule. Nilikuwa nimeziona kila Desemba kwa mama yangu. Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye mama wa kwetu humfanyia hivyo. Kabla sijamwona binti yeyote, nilikuwa nimeshajua kwamba binti yupo. Naye akatoka baadaye kidogo, na bakuli la sukari, tumbo lake likimtangulia, akaketi kwenye kizingiti cha gari langu.

Niliingia. Sikukimbia wala sikupiga kelele, na wanaonijua hawaamini nikiwasimulia. Mume wangu aliponiona alisema, "Mama watoto." Yule mama mwenye nyumba alisikia, akatoka nyuma ya nguo akijifuta mikono. Alikuwa umri wa mama yangu. Leso aliyojifunga ilikuwa ya aina ileile. Nilikuwa nimebeba matusi ya kumtosha yeye na ukoo wake, nayo yote yakanikauka mdomoni.

"Karibu, mama," akaniambia kwa adabu. "Wewe ni wa wapi?"

"Mimi ndiye niliyeshona hayo mapazia," nikasema.

Aliyatazama mapazia. Akanitazama mimi. Halafu akamgeukia mume wangu, akamtazama usoni, waziwazi, macho kwa macho, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Naye akainama zaidi. Sijui alikuwa amemwambia yeye ni mjane au ni kapera au ni nini; sikuuliza. Niliona tu kwamba sote wawili, mimi na yule mama, tulikuwa tumeandaliwa chai ya uongo katika birika moja.

Nilipanda garini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama kingekuwa kimevurugwa. Niliyashusha mapazia yangu, moja baada ya jingine, nikayakunja, nikayatia kikapuni. Binti alisogea akanipisha. Hakuna aliyenizuia.

Mume wangu alinifuata hadi pale chini ya ile chuma. Nilidhani ataomba msamaha. Alinishika kiwiko, akasema kwa sauti ya mtu anayeonewa, "Lakini elewa. Mimi sikuvunja desturi. Sijalala ndani ya nyumba yao hata siku moja."

Sijui kama ni kicheko au kilio kilichonitoka. Nilipanga kila msumari wa gari lile ili aweze kumheshimu mama yangu, naye akalishusha kwa vidole viwili akampelekea heshima hiyo mama mwingine, chini ya geti ambalo hakuthubutu kuomba likatwe. Kama angekuwa mhuni tu ningemwita mhuni nikalala. Lakini alikuwa na adabu. Adabu yake ilikuwa kamili, ila anwani yake haikuwa yetu.

Nilikwenda nyumbani wiki hiyohiyo, kwa basi, watoto nikiwa nimewaacha kwa dada yangu. Kilima nilikipanda kwa miguu. Nilipokaribia kwa mama, nje ya ua wake, nikaona kipande cha ardhi kilichosawazishwa, nyasi zimeng'olewa, mfereji mdogo umechimbwa kuzunguka ili maji ya mvua yasisimame. Katikati yake yalikuwa mawe manne bapa, yamepangwa mawili mbele na mawili nyuma, ya kukanyagwa na magurudumu. Palifagiliwa asubuhi ileile. Alama za ufagio zilikuwa bado zinaonekana.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Aliangalia nyuma yangu, barabarani, akingoja. Kisha akaacha kuangalia. "Ingia, mwanangu," akasema.

Nililala kwa mama. Ilikuwa rahisi kiasi cha kunitia hasira: niliingia, nikala, nikalala. Desturi ilimkataza mume wangu. Mimi haikuwahi kunikataza kitu. Aliyenikataza ni yeye, kwa kinywa chake, na mimi nikadhani ni mababu wanaosema. Mama aliniambia yale mambo yasiyosemeka mchana, na hayo ni yangu na yake. Nami nikamwambia ya kwangu, ila nilisema tu kwamba mume wangu ana mke mwingine. Mama mwenyewe aliolewa akiwa wa pili. Alinipapasa mgongo, akasema wanaume ni hivyo, nisife moyo.

Asubuhi, akichochea moto, aliniuliza gari liko wapi. Nikamwambia liko uani kwa mama wa yule binti.

Mkono wake ukasimama. "Analala humo?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mama humwekea chai nje?"

"Humwekea."

"Akamgeuzia uso?"

"Akamgeuzia."

"Naye akainama?"

"Akainama, mama."

Nilimwona akilia mara mbili tu maishani mwangu: siku tuliyomzika baba, na asubuhi hiyo. Hakulia kwa sababu ya mke wa pili. Alijifuta uso kwa pindo la leso, akatazama nje ya mlango kule kwenye mawe yake manne.

"Lile gari lilikuwa langu," akasema. "Niliwaambia watu wote."